Masika na Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Machi maswali ni yale yale: kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, kwenye benchi la kliniki, kwa jirani anayeanua nguo mbio mbio. Nimeyakusanya hapa kwa wazazi na walezi wenye watoto wa chini ya miaka sita, hasa sisi wa Dar es Salaam na pwani kwa jumla. Msimamo wangu nautaja mapema: tunaogopa mno baridi ya mvua, na maji yenyewe tunayaogopa kidogo mno.

Masika yanaanza lini na kuisha lini?

Kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, yaani Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha, Manyara na ukanda wa Ziwa Victoria, masika ni Machi hadi Mei. Kwa Dar, Aprili ndio mwezi wenyewe. Wa Mombasa watakwambia kwao Mei ndiyo inayomwaga zaidi, na ni kweli. Ndugu zetu wa Dodoma, Mbeya, Songea na Mtwara wana msimu mmoja unaoanza Novemba na kwenda hadi Aprili hivi, kwa hiyo wao ukurasa huu wausome mapema.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza, kisha taarifa za hatari kadiri siku zinavyokwenda. Zijue ngazi zake tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ukisikia hiyo ya tatu, ipange kesho yako upya usiku huo huo. Wala usijiaminishe kwamba Mei mambo yamekwisha: mwaka 2024 watu walikuwa wanahesabu siku masika yaishe, Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia tarehe 4 Mei.

Mtoto akinyeshewa, si atapata mafua? Au nimonia?

Kunyeshewa kwenyewe hakuleti mafua. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi mtoto huvipata kwa mtu, havidondoki mawinguni. Kinachotokea masika ni kwamba watu tunajifungia: madirisha yamefungwa, chumba kimoja watu sita, mmoja anapiga chafya na wote wanavuta hewa ile ile. Chekechea ndiyo usiseme. Ndiyo maana vikohozi huongezeka msimu wa mvua, na bibi aliyeona hivyo miaka yote ana haki ya kudhani mvua ndiyo mkosaji.

Aliyelowa mvue nguo, mfute kichwa, mvishe kavu, mpe uji wa moto. Yatosha. Kichanga ni habari nyingine, maana mwili wake hauwezi kutunza joto vizuri. Huyo asilowe kabisa. Ila fungua dirisha japo robo hata kama mvua inanyesha, hasa chumba wanacholala wengi. Mama mkwe akilalamika kuhusu upepo, msogezee mtoto mbali na dirisha, dirisha lenyewe liache.

Kikohozi cha kawaida na cha kukimbilia hospitali nitavitofautishaje?

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, chukua simu yenye saa, hesabu tumbo linapanda mara ngapi kwa dakika nzima. Dakika nzima kweli, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Hivyo ndivyo wahudumu wa afya wanavyofanya, na mzazi yeyote anaweza.

Dalili nyingine haihitaji kuhesabu: kifua kwa chini, pale mbavu zinapoishia, kinabonyea kwenda ndani kila anapovuta hewa. Ukiona hivyo, ondoka saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akilegea asiamke vizuri, au akipata degedege. Usisubiri kupambazuke, na wala usimpe nusu chupa ya antibayotiki iliyobaki ya kaka yake.

Na asali? Asali na limau kwa kikohozi ni sawa kwa aliyetimiza mwaka. Chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa, hata ya kuchovya kidole, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi. Hili linawagombanisha wengi na bibi zao. Gombaneni kwa heshima, lakini watoto msiwape.

Nguo na nepi hazikauki. Nifanyeje?

Hapa ndipo masika yanapomjua mama. Kwanza achana na ule utaratibu wa kufua rundo lote Jumamosi. Masika hufuliwa kidogo kidogo kila siku, asubuhi na mapema, ili jua la saa nne likitoka hata kwa saa mbili likute nguo ziko kambani. Kamua mara mbili: ya kwanza kwa mikono, ya pili kwa kuviringisha nguo ndani ya taulo kavu na kulikanyaga. Watoto wanaipenda kazi hiyo ya kukanyaga, wape. Kamba ya akiba ifungwe barazani au kwenye korido, si chumba cha kulala, maana unyevu wote wa nguo utaishia ukutani na kwenye godoro, na baada ya wiki utaona ukungu mweusi kwenye pembe. Feni ikiwepo, ielekezee nguo, si watu.

Sare ya shule ifuliwe mtoto anaporudi, si usiku. Mwenye sare moja tu, hili si ushauri, ni lazima.

Sasa la pasi. Wapo nzi hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani na mchanga. Mayai yakianguliwa, funza wake hupenya ngozi ya anayevaa, na mtoto anatoka vitu kama majipu, kila kimoja kina kitundu kidogo katikati. Nepi na fulana ndizo zinazoathirika zaidi kwa kuwa zinagusa ngozi muda wote. Dawa yake ni pasi ya moto kila mahali, hasa kwenye mishono na mipira ya kiunoni. Usianike nguo za mtoto chini wala kwenye michongoma. Hao wanaosema pasi ya nepi ni mbwembwe hawajawahi kumtoa mtoto funza. Ukiviona vitundu hivyo usivikamue kwa nguvu, mpeleke zahanati.

Kwa kikojozi, tandika nailoni nene chini ya shuka msimu mzima. Godoro lililolowa Aprili linaweza kungoja Juni.

Maji ya bomba yanatoka mekundu. Tunaweza kuyanywa?

Si bila kuyachemsha. Na hata yakitoka meupe, chemsha. Mvua kubwa huingiza maji ya juu ya ardhi kwenye visima vifupi na kwenye mabomba yaliyopasuka, na yale ya juu ya ardhi tunayajua yametoka wapi: vyoo vya shimo hufurika, na wapo wenye nyumba wanaongoja mvua ikolee ndipo wafungulie vyoo vyao viende na maji. Kutapisha choo ni kosa na kila mtu mtaani anamjua anayefanya hivyo. Kipindupindu huanzia hapo.

Maji mekundu yaache yatulie ndani ya ndoo, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe mpaka yatokote sawasawa, dakika moja ya mtokoto mkali. Mkaa ukiwa ghali, vidonge vya kutibu maji hufanya kazi, lakini kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kunywa. Yahifadhi kwenye ndoo yenye koki na mfuniko. Kata ya kuchovya ndiyo inayoharibu kazi yote, kwa sababu mkono wa mtoto wa miaka mitatu umetoka unakojua wewe.

Maji ya mvua ya bati ni mazuri ya kufulia na kuogea. Ya kunywa nayo yachemshwe, na yale ya kwanza yanayoosha bati yaache yapite.

Ameanza kuharisha. Nianze na nini?

Na maji, kabla ya dawa yoyote. Kinachoua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji mwilini. ORS, ule unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, inauzwa duka lolote la dawa na haina gharama kubwa. Weka pakiti mbili nyumbani kabla ya Machi. Nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini soma pakiti yako. Chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe baada ya kila choo cha maji, aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

Pakiti hakuna na usiku umeingia? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa, si cha mlima. Usikisie chumvi: ikizidi inadhuru.

Kisha ulizia zinki. Vidonge vyake hupewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, na 10 kwa mdogo wake. Wazazi wengi huacha siku kuharisha kunapokoma. Maliza, kwa sababu zinki humkinga pia asirudie karibuni. Kunyonya kuendelee, chakula kiendelee.

Hospitali moja kwa moja: choo chenye damu, choo cheupe kama maji ya mchele, macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, au mtoto aliyepitisha muda mrefu bila kukojoa. Na uangalie kadi ya kliniki: chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hutolewa katika wiki ya 6 na ya 10, na masika ni msimu mbaya wa kuiruka kwa kisingizio cha barabara.

Tuna chandarua. Kwa nini bado anaumwa na mbu mchana?

Kwa sababu hao ni mbu wengine. Anayeeneza malaria huuma usiku, na chandarua chenye dawa ndicho kinga yake. Mwenye madoadoa meupe miguuni huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na ndiye mwenye dengue. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019. Huyo hahitaji bwawa. Kifuu, tairi la zamani, kisahani chini ya ua, ndoo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba, vyote vinamtosha. Tangu yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja, kwa hiyo chagua siku moja kila wiki mzunguke uani na watoto mkimwaga kila kilichoshika maji. Mtoto wa miaka minne ni mkaguzi hodari kuliko wewe, maana anaona vilivyo chini.

Mchana kichanga alale ndani ya chandarua pia. Akipata homa, apimwe malaria. Usinunue dawa ya mseto kwa kukisia. Mpaka majibu yatoke mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengue dawa hizo huzidisha hatari ya kutoka damu.

Nimruhusu kucheza mvuani?

Mruhusu. Mtoto wa pwani asiyewahi kuoga mvua amepunjwa. Lakini kwa masharti.

Radi ikisikika, wote ndani, na hakuna kutoka mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasikae chini ya mti wala karibu na nguzo ya umeme. Kandambili miguuni, kwa ajili ya vigae na pia kwa ajili ya minyoo ya safura inayoingia kupitia nyayo. Wachezee mvua inayoshuka. Dimbwi la uani kwako unalolijua chanzo chake si neno, la barabarani hapana. Mfereji wa barabarani hapana kabisa, hata kama watoto wa jirani wanaelea humo na madumu.

Na mtu mzima awe macho. Si dada aliyeko jikoni anayechungulia, ni mtu aliyesimama hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo ya maji, anaanguka kichwa mbele na miguu haimwezeshi kujinyanyua, wala hapigi kelele. Masika huongeza mitego: shimo la choo lililochimbwa likasubiri saruji, msingi wa nyumba ya jirani ambaye hela zimemwishia, mashimo ya waliochota mchanga. Yakijaa, uso wake ni sawa na dimbwi la kina cha kidole. Kabla mvua hazijaanza, pita mtaani kwa miguu uyahesabu, kisha mwone mwenye nalo, naye akikupuuza mwone mjumbe. Pipa la maji liwe na mfuniko unaobana, ndoo zimwagwe au ziwekwe juu.

Majongoo nayo yatatoka. Hayaumi, ila yana maji yanayowasha na kuacha alama kwenye ngozi na hatari kwa macho, basi wayatazame bila kuyashika. Tandu ndiye wa kumkimbia. Kumbikumbi wakamatwe kadiri iwezekanavyo. Wakikaangwa na chumvi kidogo hakuna mtoto anayekataa kula siku hiyo.

Siku ya mvua kubwa, aende chekechea au abaki?

Abaki, na usione haya. Mtoto wa miaka minne akikosa siku moja hajakosa kitu kisichoweza kufidiwa. Swali gumu ni siku ambayo asubuhi jua lilikuwa linawaka, mvua ikaanza saa tano, na wewe uko kazini ng'ambo ya Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mji hugawanyika. Ndiyo maana kila mtoto awe na mtu wa pili wa kumchukua, anayeishi upande ule ule wa mto na shule, mwalimu anamjua kwa sura na ana namba yake. Mpangilio huu ufanywe Februari.

Bodaboda yenye watu watatu kwenye maji ni hapana. Gari la shule likifika kwenye maji yanayokwenda kasi, lisivuke. Mwambie dereva hivyo mbele ya mwalimu mkuu, na umwambie hutalalamika akichelewa. Maji ya kasi yakifika katikati ya muundi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huwezi kuona kama barabara bado ipo. Bungeni Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitaja vifo 155 kutokana na mvua na mafuriko ya msimu ule.

Siku nzima ndani, umeme umekatika. Nitawachezesha nini?

Umeme kukatika ni nafuu kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Masika saa hiyo moja huisha kabla ya chai ya saa nne.

Trei la mayai na kete za mbegu ni bao tosha kwa wa miaka mitano. Mdogo wake mpe maharage na choroko azitenganishe, ukimwangalia asitie puani. Unga wa ngano, maji na chumvi, wafinyange. Kanga mbili na viti vinne, wana nyumba. Vitendawili havina gharama: "Nyumba yangu haina mlango." Watoto wa siku hizi hawajui jibu ni yai, na wakilijua watakuuliza hilo moja mpaka Juni. Hadithi za bibi kwa simu nazo ni nzuri: weka sauti kubwa, bibi aseme paukwa, wao waitike pakawa. Ukiishiwa kabisa, waache wachoke wenyewe. Mtoto anayelalamika kwamba hana la kufanya hajaumwa.

Tunaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani, baridi ipungue?

Hapana. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Hata likiwa limebaki makaa tu, hata kwa dakika chache. Kama lazima upike ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na jiko litoke kabla ya yeyote kulala. Yeyote akijisikia kichwa kinamuuma na kizunguzungu, toka naye nje hata kama mvua inanyesha.

Kuna chakula gani cha msimu?

Majani. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, yote hushamiri. Yaoshe zaidi ya kawaida, kwa maji safi, kwa sababu mabustani mengi ya mjini yako mabondeni na yamepitiwa na maji machafu. Kisha yaive kweli, kachumbari ya mtoto isubiri. Pandeni na wa kwenu pia: ndoo iliyopasuka, udongo, mbegu ya mchicha. Baada ya wiki tatu hadi nne mnachuma, na mtoto anayekataa mboga hula aliyoipanda mwenyewe, angalau mara ya kwanza.

Tunaishi bondeni. Niandae nini?

Mfuko mmoja wa kubeba mgongoni, ukiwa na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa ndani ya nailoni iliyofungwa, dawa, ORS, nguo kavu moja moja, tochi, nepi. Uning'inizwe mlangoni. Nani anambeba nani lijulikane kabla. Nyumba ya kwenda iwe ya ndugu au rafiki aliyeko mwinuko, naye awe amekubali tayari. Zima umeme kwenye swichi kuu maji yakianza kuingia, na ukiwa umesimama kwenye maji usiiguse. Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi 112, na ushauri wa afya wa Wizara ni 199, bila malipo. Ondoka mapema, vyombo vitanunuliwa.

Ninunue mabuti ya mvua?

Ukiweza. Nunua namba moja zaidi, yatavaliwa vuli pia. Yaanike yakiwa yameinamishwa, na kila asubuhi yakung'ute kabla mtoto hajatia mguu, kwa sababu tandu hupenda kulala humo. Kama hela haitoshi buti na chandarua, nunua chandarua.